Tukitoka kwenye jumuiya, mchele wangu utapita wapi?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele. Nanunua mpunga Ubaruku kule Mbarali, nakoboa, napanga madaraja, kisha nauza Nairobi kupitia Namanga. Mara tatu au nne kwa mwaka napeleka Lubumbashi kupitia Tunduma. Malawi nilikuwa napeleka kidogo hadi mwaka 2025 walipozuia mchele wetu. Tangu hapo kijiweni kwetu Mwanjelwa hakuna mada nyingine. Kuna wanaotaka tutoke SADC, kuna wanaosema hata Afrika Mashariki tutoke, na mfano wao ni Mali na wenzake. Mjomba wangu anasema COMESA tulitoka na hakuna aliyekufa. Mimi nimekopa benki kununua mashine ya pili ya kukoboa, marejesho ni miaka minne, na mteja wa Nairobi anataka tuandikiane mkataba wa misimu miwili. Naomba uniambie ukweli: nchi ikitoka kwenye jumuiya, biashara inakufa? Mpaka unafungwa? Na huu mkataba niusaini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako lina mambo mawili ndani yake. Kuna la kijiweni, yaani nchi ikijitoa kinatokea nini, na kuna la mfukoni, yaani deni la miaka minne na mkataba wa misimu miwili. Nitaanza na la kijiweni kwa sababu bila hilo la mfukoni utalijibu kwa woga tu. Nimefanya uwakala wa forodha Tunduma tangu nikiwa kijana, kabla sijaanza kufundisha, kwa hiyo utanisamehe nikirudi rudi mpakani.

Mpaka haufungwi siku nchi inapojitoa. Watu wengi wanadhani kujitoa ni kama kuzima taa: jioni mko ndani, asubuhi mko nje na geti limefungwa. Mikataba haifanyi kazi hivyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 145, unataka Bunge la nchi husika lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha nchi itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nayo inadai taarifa ya mwaka mmoja. Ndani ya muda huo nchi bado ni mwanachama na majukumu yake yako pale pale. Kwa hiyo hata kama azimio lingepitishwa leo, na sijasikia popote serikalini kwamba lipo, mchele wako wa msimu huu ungepita kwa utaratibu ule ule.

Ziko jumuiya zilizovunjika ghafla, sikatai. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1967 ikafa 1977, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983. Wazee wanaokumbuka foleni za sabuni na sukari hawahitaji darasa juu ya hilo. Lakini ile haikuwa kesi ya mwanachama mmoja kujitoa kwa utaratibu. Nyumba nzima ilianguka: shirika la ndege, reli, bandari, posta, na mali zote zikabaki zinagombaniwa. Mgawanyo wake ulikamilika kwa makubaliano ya 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Miaka 7 ya kugawana vyombo vya ndani, kama ndoa iliyovunjika bila hati.

Sasa tuje kwenye kinachobadilika hasa. Hapa naomba uwe mvumilivu kidogo, maana ukielewa sehemu hii mengine yote utajijibu mwenyewe.

Nchi nyingi duniani, Tanzania ikiwemo tangu 1995, zimo kwenye Shirika la Biashara Duniani. Kanuni yake kubwa ni kwamba nchi ikimpa mgeni mmoja nafuu ya ushuru, inatakiwa iwape wageni wote. Lakini kuna ruhusa maalumu: nchi zikiungana kuunda eneo huru la biashara au umoja wa forodha, zinaweza kupeana nafuu zenyewe kwa zenyewe bila kuwapa wengine. Jumuiya ni ruhusa hiyo. Ukiwa ndani unaitwa ndugu. Ukitoka, hugeuki adui, unageuka mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Utalipa kile anacholipa Mpakistani au Mthailandi.

Na kwenye mchele, mgeni analipa sana. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mchele unaotoka nje ya jumuiya ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiomba kibali cha kutoza chini ya hapo, asilimia 35 au dola 200 kwa tani, kwa sababu mchele wanaolima hauwatoshi. Viwango hivi hutangazwa upya kila mwaka wa fedha, kwa hiyo kabla ya kuvitumia kwenye hesabu zako vihakiki. Lakini tuchukue mfano. Tani moja ya mchele wako iwe na thamani ya dola 800 ikifika Namanga. Leo, ikiwa na cheti cha uasili cha Afrika Mashariki, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imetoka wapi, ushuru wa forodha ni sifuri. Ukigeuka mgeni kwa kiwango cha Kenya, ni dola 280. Semi ya tani 30, dola 8,400. Kwa kiwango kamili cha jumuiya, ambacho ungekutana nacho ukipeleka Uganda, ni dola 600 kwa kila tani. Mteja wako wa Nairobi hawezi kubeba hilo. Atapiga simu Karachi.

Kwa hiyo kijiweni wakisema tutoke Afrika Mashariki, waulize nani analipa hizo dola 280. Si Mkenya. Mkenya anakula mchele wa bei anayoitaka, na wauzaji wako wengi. Ni wewe, au ni mkulima wa Ubaruku utakayemshushia bei ya gunia ili mzigo uuzike.

Umoja wa forodha una upande wake wa pili pia, na nisipouweka mezani nitakuwa nakudanganya. Ukiwa ndani hujipangii ushuru wako peke yako dhidi ya dunia. Ukitaka kulinda kiwanda au kushusha ushuru wa malighafi, unaomba kibali cha wenzako. Kuna michango ya kila mwaka, kuna vikao visivyoisha, na kuna mapato ya forodha unayoyaacha kwa ndugu zako. Nchi inayojitoa inarudishiwa kalamu ya kupanga ushuru wake yenyewe. Hilo ni jambo la kweli na lina uzito kwa nchi yenye viwanda vichanga. Kwa muuza mchele wa Mbeya anayeuza nje, faida hiyo haimfikii. Kwa mwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti anayeshindana na mafuta ya nje, huenda ikamfikia. Ndiyo maana mjadala huu hauna jibu moja kwa kila mtu, na ndiyo maana usikubali kijiwe kikuamulie.

Tuje kwa mjomba wako. Hajasema uongo, ila hajasema yote.

Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Sababu zilizotajwa ni mzigo wa kuwa kwenye jumuiya nyingi kwa wakati mmoja, hofu ya kupoteza mapato ya forodha, na kulinda viwanda. Taarifa ilitolewa mwaka mmoja kabla, kama mkataba ulivyotaka. Muda mfupi baada ya sisi kutoka, tarehe 31 Oktoba 2000, nchi tisa za COMESA zikazindua eneo huru la biashara. Zambia ilikuwemo. Malawi ilikuwemo. Kenya ilikuwemo.

Hebu piga picha ya hicho kitu ukiwa umesimama Tunduma. Mimi nilisimama. Nilikuwa na mteja aliyekuwa akipeleka sabuni Lusaka, ametoka nayo hapa hapa nchini. Nyuma yake kwenye foleni kulikuwa na sabuni ya Kenya, imeingia kwetu, imekatiza Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, imetumia barabara yetu. Ile ya Kenya ilikuwa na karatasi ya COMESA, ikaingia Nakonde, upande wa Zambia, bila ushuru. Ya mteja wangu ilikuwa kwenye ratiba ya SADC, iliyokuwa ikipunguza ushuru kidogo kidogo, na eneo huru la SADC lilikuja kuanza mwaka 2008. Yule wa karibu akalipa, yule wa mbali akapita. Mteja wangu hakufa, mjomba wako ana haki hapo. Aliacha tu kupeleka sabuni Zambia. Na mtu aliyeacha biashara haonekani kwenye habari. Hapigi kelele, anahamia kufuga kuku.

Mjomba ana haki kwenye jambo la pili, ambalo hata yeye pengine halijui. Hatukutoka COMESA nzima. Muulize dereva wa semi yako inayokwenda Lubumbashi anakata bima gani ya kuvuka Zambia. Atakuonyesha kadi ya njano. Ule ni mpango wa COMESA, na Tanzania imebaki ndani yake hadi leo. Benki iliyokuwa ikiitwa Benki ya PTA, ambayo sasa ni Benki ya Biashara na Maendeleo, nayo ilizaliwa kwenye familia hiyo hiyo na sisi bado ni wanahisa. Yaani tulitoka sebuleni tukabaki na funguo za stoo. Nchi nyingi hufanya hivyo, na ni busara: vile vinavyofanya kazi vina mikataba yake yenyewe, na ukiwa makini unaweza kuvibakiza.

Na kilichotuokoa hasa ni kwamba tulikuwa na mlango mwingine. Tulibaki SADC, ambako Zambia na Malawi wapo. Laiti tungetoka COMESA bila kuwa SADC, Tunduma leo ingekuwa mji mwingine. Kwa hiyo somo la COMESA haliwezi kunukuliwa kama ushahidi wa kutoka SADC. Ukishatumia mlango wa dharura, huwezi tena kuuhesabu kama akiba.

Mfano wa Mali, Burkina Faso na Niger unapendwa sana vijiweni kwa sababu una sauti ya ushujaa. Walitangaza kujitoa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, Januari 2024, na kujitoa kukawa rasmi tarehe 29 Januari 2025, baada ya ule mwaka mmoja wa taarifa. Lakini tazama kilichofuata. ECOWAS iliwaambia wanachama wake waendelee kuzitambua pasi za wananchi wa nchi hizo zenye nembo ya jumuiya, na bidhaa ziendelee kupita kwa utaratibu wa zamani hadi itakapotangazwa vingine. Nchi hizo tatu nazo hazikutoka kwenye umoja wa sarafu wa Afrika Magharibi. Bado zinatumia faranga ya CFA pamoja na Senegal na Ivory Coast. Zimeanzisha shirikisho lao, na Machi 2025 zikaweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazotoka nje ya nchi hizo tatu. Zote hazina bahari. Kinachoendelea ni kwamba wametoka kwenye siasa ya ECOWAS huku pande zote mbili zikijitahidi ng'ombe na vitunguu visikwame njiani. Ni mapema mno kusema wamefaulu au wameshindwa. Anayekuambia anajua jibu anakuuzia kitu.

Uingereza ndiyo darasa lenye hesabu kamili zaidi. Walipiga kura 2016, wakatoa taarifa 2017, wakatoka rasmi 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha mwisho wa mwaka huo. Walipata mkataba mzuri kwa macho: hakuna ushuru, hakuna ukomo wa kiasi. Ukisoma kichwa cha habari unasema basi hakuna kilichopotea. Lakini mwenye samaki wa Scotland alianza kuhitaji cheti cha afya kwa mzigo wake, tamko la forodha, na ushahidi wa mahali bidhaa ilipotengenezwa. Kampuni kubwa ziliajiri watu wa kujaza karatasi. Wadogo wengi waliacha kuuza Ulaya. Ofisi yao huru inayofanya makadirio ya bajeti imekuwa ikikadiria kwamba tija ya nchi hiyo kwa muda mrefu itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kuliko kama wangebaki. Hilo ni kadirio, na wapo wanaolipinga.

Kwenye ushirikiano usio wa biashara pia walijikwaa. Wanasayansi wao walibaki nje ya mfuko mkubwa wa utafiti wa Ulaya, Horizon Europe, hadi Januari 2024 waliporudi kama washirika. Wanachangia, lakini hawana kura ya kupanga. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: unarudi ulikotoka kupitia mlango wa nyuma, unalipa, na kiti chako kimekaliwa. Mauritania ilitoka ECOWAS mwaka 2000, ikaja kusaini makubaliano ya ushirika mwaka 2017. Morocco ilitoka Umoja wa Nchi Huru za Afrika 1984, ikarudi Umoja wa Afrika 2017.

Sasa hasira ya Malawi. Naielewa, na nadhani ndiyo iliyokufanya uandike.

Mwaka 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa kuingia, mchele ukiwemo. Afrika Kusini nayo kwa miaka ilikuwa haipokei ndizi zetu. Aprili mwaka huo Wizara ya Kilimo yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya nchi hizo mbili kuingia, na zuio letu halikudumu. Liliondolewa ili kupisha mazungumzo. Wote watatu ni wanachama wa SADC. Kwa hiyo kijiwe kinauliza swali la haki: uanachama una faida gani kama mwenzako anaweza kukufungia mlango?

Jibu langu ni kwamba jumuiya haikuhakikishii kwamba hutafungiwa. Inakupa mahali pa kulalamika na kanuni ya kumshikia mwenzako. Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda Machi 2021 kwa madai ya sumukuvu, zuio lilipokewa kwa kelele, mawaziri wakakutana, na ndani ya siku chache likageuzwa kuwa masharti: vyeti, usajili, vipimo. Masharti yanakera, lakini yanatimizika, zuio halitimiziki. Mgeni asiye na jumuiya angezuiliwa hivyo hivyo, ila angeandika barua tu na kusubiri. Ukiwa na ugomvi na jirani huhami kijiji, kwa sababu ukihama bado shamba lako linapakana na lake, na baraza la wazee huna tena.

Halafu kuna biashara isiyosubiri jumuiya. Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikubaliana kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Njaa ilikuwa upande ule, chakula kilikuwa upande huu, barabara ipo. Jiografia ya Nyanda za Juu Kusini ni mtaji ambao hakuna azimio la Bunge linaloweza kuuondoa. Lubumbashi itaendelea kula, na Mbeya itaendelea kuwa njiani.

Vivyo hivyo kwa ushirikiano. TAZARA ilijengwa kwa makubaliano ya Tanzania, Zambia na China, ikaanza kazi rasmi 1976, na jumuiya ilipovunjika mwaka uliofuata treni ziliendelea kupita Mbeya kwa sababu reli ilikuwa na mkataba wake. Bonde la Mto Songwe lina kamisheni yake na Malawi. Nzige wekundu wanaozaliana bonde la Rukwa wanadhibitiwa na shirika lenye makao Ndola, lenye mkataba wake pia. Umeme ndio uko katikati: njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga inakusudiwa kuunganisha mfumo wa umeme wa mashariki na ule wa kusini mwa Afrika, na kuuziana umeme kunahitaji watu waliozoea kukaa meza moja. Nguzo zitasimama hata mkigombana, lakini bei ya umeme unaopita ndani yake hujadiliwa na watu wanaopigiana simu bila kupitia balozi. Katika kujitoa kwote nilikosoma na nilikokuona, hicho ndicho kinachopotea kwanza na kurudi mwisho: mazoea. Ushuru unaweza kusainiwa upya kwa mwaka mmoja au miwili. Ofisa wa Nakonde anayemfahamu ofisa wa Tunduma kwa jina, na anayemaliza tatizo la muhuri uliofifia kwa dakika kumi, huyo huwezi kumsaini upya.

Mtu atakuambia usihofu, Eneo Huru la Biashara la Afrika litaziba pengo. Litasaidia siku moja, nami naliombea. Lakini linapunguza ushuru kwa awamu za miaka mingi, kila nchi ina orodha ya bidhaa nyeti, na nchi za Afrika Mashariki ziliwasilisha ratiba yao kwa pamoja kama umoja wa forodha. Ukitoka kwenye umoja huo, hata ratiba hiyo inabidi uianze upya.

Haya, la mfukoni.

Mkataba wa Nairobi, kwa maoni yangu, usaini, lakini si kama ulivyo. Misimu miwili ni muda mfupi, na nchi ingehitaji kwanza kupitisha azimio, kutoa taarifa na kusubiri mwaka mzima. Hatari yako halisi ndani ya muda huo ni ndogo zaidi na iko karibu zaidi: zuio la wiki tatu, kipimo kipya cha ubora, Kenya kufungua dirisha la mchele wa nje bila ushuru na bei kuporomoka. Hayo hutokea mkiwa ndani ya jumuiya. Kwa hiyo ongeza kifungu kinachosema ushuru, tozo au zuio jipya likitokea baada ya kusaini, nani anabeba, na baada ya siku ngapi kila upande unaruhusiwa kusitisha bila faini. Andikeni pia mzigo unahesabiwa umekabidhiwa wapi: ghalani Ubaruku, Namanga, au mlangoni kwake. Watu wanaliruka hilo, ndipo semi ikikwama siku tisa wanagombania mchele ulioota ukungu.

Cheti cha uasili kichukulie kama kitu cha thamani kuliko gunia. Mchele uliolimwa Mbarali na kukobolewa Mbarali unakidhi vigezo bila ubishi, kwa kuwa umezalishwa wote nchini. Ukichanganya hata sehemu ndogo na mchele wa nje ili kuongeza ujazo, umeua uasili wa mzigo mzima, na ukikamatwa jina lako linabaki kwenye mfumo. Sikutuhumu, nimeona mashine nyingi. Tunza nakala za cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea na kibali cha kusafirisha kwa kila safari, kwa tarehe. Siku kanuni zikibadilika, mwenye kumbukumbu za miaka mitatu ndiye anayeingia kwanza kwenye utaratibu mpya.

Kwa Lubumbashi nina angalizo. Congo imo SADC tangu 1997 na Afrika Mashariki tangu 2022, lakini kuwa mwanachama na kutekeleza ni vitu viwili. Muulize mteja wako, kwa karatasi na si kwa mdomo, analipa nini Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, kwa tani. Kama analipa karibu sawa na mgeni, basi soko hilo tayari unalifanyia biashara kama mtu aliye nje, na bado unapata faida. Hilo litakupa usingizi kuliko maneno yangu yote.

Mashine ya pili umeshakopa, kwa hiyo sitakuhubiria. Ila nisingeitegemeza kwa Nairobi peke yake. Dar es Salaam, Dodoma na hata Mbeya mjini wanakula mchele uliopangwa vizuri, na hakuna mpaka wa kuvuka. Kama zaidi ya nusu ya marejesho yako ya mwezi inatoka kwa mteja mmoja wa nchi moja, hapo ndipo nina wasiwasi, jumuiya iwepo isiwepo.

Kuna mambo ambayo hayafai kujibiwa kwa maandishi kama haya. Kabla ya kusaini, mpe mwanasheria asome mkataba, hasa kama malipo ni kwa shilingi ya Kenya au dola na kesi zitaamuliwa Nairobi. Kwa vyeti na vigezo vya uasili, nenda ofisi ya TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, mkoani na idara ya forodha ya TRA. Beba ankara ya safari yako ya mwisho wakuonyeshe kipengele kwa kipengele. Mzigo ukizuiliwa, usihonge na usinyamaze: andikisha malalamiko kwenye mfumo wa pamoja wa COMESA, Afrika Mashariki na SADC wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha. Upo mtandaoni, na malalamiko yenye namba hufuatiliwa kuliko ya kijiweni. Na ukiona marejesho yanaanza kukubana, kaa na ofisa mikopo wako kabla hujachelewa hata mwezi mmoja, maana akiwa bado anakuamini ana mengi ya kukupa.

Ukipita Tunduma safari ijayo, mwambie dereva akuonyeshe ile kadi ya njano. Ipige picha, umpelekee mjomba.